Mke wa Kwenye Kadi ya Posho

Karani wa ndoa katika ofisi ya wilaya pale Arua alikuwa na meza iliyopungua mguu mmoja, na badala ya mguu huo palikuwa na matofali matatu. Nayakumbuka matofali hayo kuliko ninavyoukumbuka uso wake, kwa sababu kila aliponiuliza swali nilitazama chini.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. "Iko na karatasi gani ya kuonyesha wewe ni nani?"

Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, bado mpya, ndani ya bahasha ya kaki. Nilikuwa pia na barua ya mwenyekiti wa Oli, mtaa nilikopanga chumba. Karani aliisoma barua, akaitazama shahada kwa heshima, kisha akanirudishia.

"Hii nasema umesoma," alisema. "Hapana sema umezaliwa."

Cheti changu cha ubatizo kilibaki ndani ya sanduku la mama siku tuliyokimbia, na sanduku lilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikachomwa. Karatasi pekee duniani iliyokuwa na jina langu, mwaka wangu na mhuri wa mtu yeyote ilikuwa kadi ya posho niliyopewa katika kambi ya wakimbizi kule Sudan. Nilikuwa nimeifikiria kadi hiyo juma zima. Nilifikiria kwamba mhuri wake ni wa nchi nyingine na huenda wasiukubali. Nilifikiria kwamba imekunjwa mara nyingi hadi jina langu la pili limekatika katikati, na kwamba mtu mwenye jina lililokatika huenda akahesabiwa kuwa mtu mwingine. Jambo moja tu sikulifikiria, nalo ni upande wa pili wa kadi.

Karani aliigeuza.

"Na huyu?"

"Huyu nani?"

"Hapa. Bibi. Na chini yake watoto watatu." Alinitazama, kisha akamtazama mchumba wangu aliyeketi karibu nami kwenye benchi. "Bwana, wewe iko na nyumba imejaa. Nataka mimi niandikie wewe bibi ya pili?"

Mchumba wangu alivuta mtandio wake vizuri kichwani. Yeye huniita Profesa anapotaka kunichoma, na aliniita hivyo pale pale, kwa sauti ya chini. "Profesa, hukuniambia una watoto wakubwa."

Ilibidi nieleze, nami nilieleza kuanzia mbali. Baada ya vita vya mwaka wa sabini na tisa tulivuka mpaka: mama, mimi, mke wa kaka yangu na watoto wake watatu. Kaka alikuwa askari. Alikuwa ameondoka na wenzake kuelekea upande wa Kampala na hakurudi. Kambini watu waliandikwa kwa nyumba. Mwanamke mwenye watoto bila mwanamume alipangwa kwenye safu ya mwisho, na safu ya mwisho ilifika mara nyingi magunia yakiwa yameisha. Mzee mmoja tuliyetoka naye upande mmoja alinitazama siku ya kuandikishwa akasema, "Huyu kijana ni mrefu. Mwandikeni bwana." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilipotoka kwenye meza ile nilikuwa na ishirini na miwili, mke, na watoto watatu waliofundishwa kuniita Baba mbele ya wageni. Yule mdogo hakuacha tena.

Hatukuwa peke yetu. Karibu kila familia iliyorudi Manibe, kijijini kwetu, ilikuwa na ndoa ya namna hiyo imekunjwa mahali fulani. Lakini wengine hawakuwa wapumbavu kiasi cha kuipeleka ofisini.

Karani alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini mimi nimekwisha ona. Kama hapana ona, ni kitu ingine. Hapa kwa serikali bibi ni moja. Ya pili ni kwa sheikh ama kwa kijiji. Ya pili kwa hapa ni jela, ya wewe na ya mimi."

Akatoa uamuzi wake. Tangazo la ndoa angelibandika siku hiyo hiyo, likae ukutani siku ishirini na moja kama sheria inavyotaka. Ndani ya siku hizo mwanamke wa kwenye kadi aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake kwamba mimi si mume wake, na aseme mume wake yuko wapi. Asipokuja, siku ya ishirini na moja jioni angeling'oa tangazo na shauri liishe.

Mchumba wangu ni Mnubi wa Koboko. Baba yake hakutaka kusikia habari za kanisa, mama yangu hakutaka kusikia habari za nikahi, na mimi na yeye tulikuwa tumezunguka kati yao mwaka mzima hadi tukagundua kwamba kuna mlango mmoja usiomkasirisha mtu kabisa, nao ni ule wenye meza ya matofali. Baba yake, sajini wa zamani, aliukubali kwa sababu anaheshimu mihuri. Siku ya pili ya tangazo nilikwenda Koboko kumpa habari. Nilimkuta barazani akipaka rangi viatu vyake vya jeshi, ingawa hakuwa amevivaa kazini kwa miaka mingi.

"Jina ya mtoto yangu iko kwa ukuta ya serikali," alisema, "kama jina ya mtu polisi natafuta. Watu ya soko nasoma. Mimi navumilia siku ishirini na moja. Siku ya ishirini na mbili, kama hapana ndoa, anapanda lori kwenda kwa shangazi yake Bombo, na wewe hapana ona yeye tena. Umesikia, ostaz?"

"Nimesikia, mzee."

"Sema ndiyo afande."

"Ndiyo afande."

Ndani ya nyumba binti yake alicheka. Mzee mwenyewe hakucheka. Habari ya kadi sikumwambia. Nilikuwa nimeipanga vizuri tangu Arua, na ilipofika wakati wa kuisema niliona brashi yake ikienda na kurudi juu ya kiatu kile, nikasifu rangi.

Siku ya nne nilikuta mtu amebandika ratiba ya mpira juu ya tangazo letu, jina la mchumba wangu likawa limefunikwa lote. Niliiondoa ile ya mpira, nikaisogeza pembeni, kisha nikaingiwa na hofu kwamba kugusa ubao wa serikali ni kosa, na kwamba siku ambayo jina lilifunikwa huenda isihesabiwe. Niliingia ofisini kukiri.

Karani aliweka kalamu chini. "Bwana, wewe enda nyumbani. Kunywa chai."

Siku ya sita nilitembea hadi Manibe. Hotuba yangu ilikuwa na sehemu tatu. Shemeji alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akimenya muhogo, na maganda yalikuwa yamemfika magotini. Nilimweleza kila kitu, sehemu ya pili ikitangulia ya kwanza. Hakuacha kumenya.

"Niseme wewe si mume wangu," alisema nilipomaliza. Nyumbani tunaongea Kilugbara, na katika lugha hiyo yeye husema polepole. "Hilo ni jepesi. Nilikuwa nakupaka dawa ya upele kule Sudan ukilia. Nilijua wewe si mume wangu."

"Ndiyo."

"Halafu ataniuliza mume wangu yuko wapi."

"Atauliza."

"Nimwambie nini?"

Katika boma letu kuna nyumba ambayo hakuna mtu anayelala ndani yake. Ni ya kaka. Tuliporudi kutoka Sudan mama aliijenga upya kabla ya kujenga ya kwake, na kila kiangazi huiezeka kwa nyasi mpya. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo nilikuwa naitazama.

"Sema hujui," nilisema.

"Karatasi ya serikali iseme mke hajui mumewe yuko wapi."

"Au sema kwamba..."

Aliinua kisu, akaelekeza ncha yake kwenye mlango wa mama. "Nenda ukamwambie mama yako hilo neno lililokukwama. Yeye ndiye aliyemzaa. Akishalisema yeye, na mimi nitalisema. Mimi ni mke wa mtu aliye safarini. Nalima shamba la mume wangu na hakuna anayeniuliza. Ukishanifanya mjane, wazee watakaa kunijadili, kama mbuzi aliyeachwa. Umelifikiria hilo, wewe unayefikiria kila kitu?"

Sikuwa nimelifikiria.

Sikwenda kwa mama. Nilisimama mlangoni pake, akaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, nikarudi mjini. Kesho yake nilikuwa kwenye benchi la karani kumuuliza ingekuwaje kama shemeji angesema hajui.

"Mama hapana jua bwana yake iko wapi," alisema, akihesabu kwa vidole, "na kadi nasema bwana ni wewe. Basi yeye hapana jua, lakini mimi najua. Iko hapa mbele yangu."

Siku zilizofuata sizipendi. Nilifikiria kuichoma kadi, ingawa karani alikuwa amekwisha kuiona na kuifungia kwenye droo. Nilifikiria kwenda wilaya nyingine ambako hakuna anayenijua, lakini sheria ilitaka mtu awe amekaa huko siku kumi na tano kwanza. Nilifikiria kumwomba mwanamke jirani wa pale Oli aje aseme kwamba yeye ndiye shemeji. Nilifika hadi uani kwake, akanisalimia, akanipa kiti, na niliposhindwa kufungua mdomo akanionea huruma akanipa chungwa. Kila asubuhi nilipita ubaoni. Mvua ilikuwa imelichora tangazo mistari, na jina langu likaanza kufifia kabla ya lake.

Nilipomwona mama sokoni siku ya kumi na mbili, akiuza ufuta wake, nilijificha nyuma ya duka la nguo. Mwanamume mwenye shahada alichutama nyuma ya mitumba kumkimbia mama yake mzazi. Nilijua kwamba nikimkaribia atauona uso wangu, na akiuona ataniuliza.

Siku ya kumi na nne mchumba wangu alishuka kutoka Koboko kwa lori lililobeba tumbaku, nguo zake zikinuka majani.

"Unafanya nini?" aliniuliza mlangoni pangu.

"Nafikiri."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Nielekeze njia ya kwenda kwa shemeji yako."

Nilimkataza. Nilimwambia atamkasirisha, atavuruga, mama atasikia. Alisubiri nimalize, kisha akauliza njia kwa muuza vitumbua aliyekuwa akipita. Nilikaa kwenye kitanda changu nikihesabu makosa yote ambayo angeweza kuyafanya. Alirudi alasiri, vidole vikiwa vyeupe kwa utomvu wa muhogo.

"Umemwambia nini?"

"Nimemsalimu. Nimemenya muhogo. Ni mwingi, kwa nini hamumsaidii?"

"Na tangazo?"

"Hatukuongea habari za tangazo." Alikuwa akinawa mikono kwenye beseni langu. "Aliniuliza kama kwetu kuna mtu aliyepotea. Nikamwambia ndiyo, kaka yangu mkubwa. Akauliza tulifanya nini. Nikamwambia tulimsomea dua bila mwili. Akauliza ilichukua muda gani. Nikasema asubuhi moja."

"Akasema nini?"

"Akanipa muhogo mwingine."

Nilimsindikiza hadi stendi. Kabla ya kupanda alisema, bila kunitania safari hii, "Baba amekwisha kuniambia nipange nguo. Sijapanga. Lakini sanduku liko juu ya kitanda."

Siku ya ishirini na moja nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Nilikaa kwenye benchi. Watu waliingia na kesi zao za mashamba na za ng'ombe, wakatoka. Saa sita karani alikula andazi. Saa nane alitoka nje, nikasikia akizungumza na mtu karibu na ubao, nikafikiri anang'oa. Alirudi mikono mitupu. Saa tisa alianza kufunga majalada yake kwa kamba, moja moja, bila haraka, na nilijua anafanya hivyo kwa ajili yangu.

Shemeji aliingia akiwa amevaa viatu. Ni viatu alivyovirudisha kutoka Sudan, na sikuwa nimemwona navyo isipokuwa kanisani. Hakunitazama. Alikaa mbele ya ile meza, na alipoanza kuongea alinishangaza, kwa sababu aliongea Kiswahili. Alijifunza kambini, kambi ya jeshi, alipokuwa bibi harusi wa askari. Tangu kaka aondoke sikuwa nimemsikia akikisema.

"Wewe ndio mama ya kadi?" karani aliuliza.

"Ni mimi."

"Huyu ni bwana yako?"

"Huyu ni ndugu ya bwana yangu. Yeye alikuwa mtoto. Tulisema uongo sababu ya njaa."

"Bwana yako iko wapi?"

Nje mtu alikuwa akimkemea mbuzi. Nakumbuka nilitaka kusimama niseme basi, tuache, sitaki tena. Nilikuwa na maneno hayo tayari mdomoni. Sikuyasema, na mpaka leo sijui kama nilichelewa au nilichagua.

"Amekufa," shemeji alisema.

Nadhani kwa Kilugbara asingeweza. Hiyo ni lugha ambayo mama angeisikia.

Karani alilainisha sauti. "Lini?"

"Siku alitoka nyumbani."

"Nani aliona?"

"Mimi. Mimi niliona yeye anatoka. Andika."

Karani aliandika. Alimsogezea kibweta cha wino, naye akakandamiza kidole gumba kwa nguvu, kama mtu anayeua mdudu. Kisha karani akajaza cheti cha ruhusa, akapiga mhuri, akaupulizia. "Miezi mitatu," aliniambia. "Ikipita, naanza mwanzo." Nilikiweka kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nimekingoja mwaka mzima, na sikukisoma.

Nje shemeji alivua viatu, akavishika mkononi. "Twende," alisema. "Mimi nimesema kwa serikali. Nyumbani utasema wewe."

Tulitembea hadi Manibe, yeye mbele. Niliandaa sentensi ya kumwambia mama, nikaitengeneza, nikaibomoa. Tulipoingia uani mama alikuwa anapepeta ufuta. Alinitazama mimi, kisha akautazama mkono wa shemeji, ambao wino wake wa zambarau ulikuwa haujatoka.

"Umeweka kidole wapi?" mama aliuliza.

Nilifungua mdomo. Sentensi yangu haikuwepo. Nikasema tu, "Mama, kaka."

Mama aliweka ungo chini. Aliuweka taratibu, ufuta usimwagike. "Miaka yote hii," alimwambia shemeji, si mimi, "nilikuwa nakungoja wewe. Ningesemaje mimi kabla ya mkewe?"

"Na mimi nilikuwa nangoja mama," shemeji alisema.

Mama alikwenda hadi kwenye nyumba ya kaka, akanyoosha mkono chini ya paa, akashika nyasi alizoziweka kiangazi kile, akazivuta. Zilitoka konzi nzima. Akavuta tena. Ndipo shemeji alipopiga ukelele, na majirani wakaanza kuja mbio kutoka mashambani.

Siku ya ishirini na mbili ilinikuta nikiwa nimekaa na wanaume kwenye matanga, cheti kikiwa kimelowa jasho kifuani. Sikuweza kuondoka kwenda Koboko, na sikuwa na mtu wa kumtuma. Nilikaa nikiliona akilini lori la kwenda Bombo likijaa, likifungwa turubai, likiondoka. Watu walinipa pole kwa ajili ya kaka, nami niliwaitikia, na sikuwa na hakika ni msiba upi ninaoulilia. Niliona haya. Kaka yangu alikuwa amekufa jana baada ya miaka kumi na zaidi, na mimi nilikuwa nawaza lori.

Siku ya ishirini na nne mchana sajini aliingia uani, viatu vikimeta chini ya vumbi. Habari za matanga zilikuwa zimemfikia Koboko kwa wachuuzi. Binti yake alikuwa nyuma yake na mfuko wa sukari kichwani, akapita moja kwa moja kwenda kwa wanawake. Sajini aliwapa wazee mkono, akaketi karibu nami.

"Ostaz. Leo siku ya ngapi?"

"Ya ishirini na nne, afande."

"Hapana. Mtu akikufa, hesabu nasimama. Leo bado ishirini na moja." Alipangusa vumbi la kiatu kwa kiganja. "Ndugu yako alikuwa na cheo gani?"

"Koplo."

"Basi alikuwa mtu yangu," alisema, akaomba aonyeshwe nyumba iliyobomolewa paa.

Wazee walikaa kumjadili shemeji, kama alivyosema. Walipomuuliza anataka nani amrithi, alijibu kwamba anataka shamba. Walibishana siku mbili, na mama akakaa katikati yao akisema neno hilo hilo moja hadi wakachoka: shamba ni la watoto, na mama yao halijui shamba lingine. Aliachiwa.

Tulifunga ndoa mbele ya matofali yale matatu, zikiwa zimebaki siku chache cheti kiishe. Shemeji alikaa kwenye benchi, nywele alizonyoa kwenye matanga zikiwa zimeanza kurudi. Karani aliuliza kama kuna mtu mwenye neno, na macho yake yakamwendea yeye bila kutaka.

"Soma haraka," shemeji alimwambia. "Mvua nakuja."

Tulipomaliza karani alifungua droo, akanirudishia kadi ya posho. Nyuma yake, penye neno mke, alikuwa amepiga mstari mmoja wa wino mwekundu kwa rula. Watoto watatu hakuwakata. Niliikunja kadi kama ilivyozoea kukunjwa.